Koko na Vitunguu vya Maji ya Fedha

Kwako Koko,

Mwalimu wetu wa Kiswahili ametuambia kila mmoja amwandikie mtu ambaye hayupo, na barua zote zitabandikwa kwenye ukuta wa maktaba ili shule nzima isome. Wenzangu wengi wamewaandikia wachezaji wa mpira, au wasichana waliohama shule. Mimi nimekuandikia wewe, bibi yangu. Najua swali lako la kwanza lingekuwa kama ukuta huo una paa. Una paa, Koko. Barua hailowi.

Maneno yako nitayaacha jinsi ulivyoyasema, kwa Kiswahili cha Bukavu ulikokulia, ingawa mwalimu atayapigia mistari myekundu. Nikianza kukusahihisha utageuka kuwa mtu mwingine, na huyo mwingine sina la kumwambia.

Nataka kukukumbusha habari ya vitunguu. Ulikuwa ukiwasimulia watu kwa namna yako, na kwa namna yako wewe ndiye uliyekuwa mwanasayansi, mimi nilikuwa mtoto wa kukushikia chupa. Leo naisimulia mimi, kwa sababu safari hii huwezi kunikatiza.

Unakumbuka Maman Chantal alivyoileta ile dawa? Yeye rafiki yako alivuka daraja la mpakani kutoka Bukavu karibu kila asubuhi na mzigo kichwani, na kabla ya kupanda kwenda Kamembe alipita kwetu hapa Cyangugu kupumzisha miguu. Mwaka mmoja aliuza vitenge, mwaka mwingine sabuni. Halafu siku hiyo akafungua kitambaa, na ndani kulikuwa na chupa ndogo za buluu. Akasema ni maji ya fedha. Si fedha ya mfukoni, alisema, ni fedha ya pete, iliyosagwa ikawa ndogo kuliko udogo wenyewe, ikatiwa majini. Inatibu tension, ile presha ya damu, sukari, minyoo, kukosa usingizi, na mume asiyekaa nyumbani.

Mume ulikuwa huna tena miaka mingi. Lakini ni hilo la mume ulilolishikilia, ukamuuliza anayekunywa ni mume au mke.

Ukaanza kijiko asubuhi na kijiko jioni. Mimi nisingejali. Watu wazima hunywa vitu vingi. Ila siku moja Maman, mama yangu, alinituma kutafuta kiberiti katika lile kopo lako la biskuti, nikakuta vidonge vyako vya tension kutoka kituo cha afya, vyote, vimekaa kimya kama wageni wasiokaribishwa. Nilikuja kukuuliza navyo mkononi. Ulikuwa unachambua maharage, wala hukuinua kichwa.

"Nikunywe dawa mbili kwa ugonjwa moja?" ulisema. "Miye niko mugonjwa, siko famasi."

Hapo ndipo hofu yangu ilipoanza, Koko, nami sikukuambia ukubwa wake. Nilikumbuka ile Jumapili, kabla hujaanza vidonge, ulipoteleza kati ya mabenchi kanisani macho yamegeuka. Wanawake wa kwaya wakapiga vigelegele wakidhani ni Roho amekushukia. Waliimba beti tatu nzima kabla mtu hajaona kwamba Roho hakuwa na habari na jambo lile. Ulipozinduka uliwalaumu kwa kuimba vibaya. Sisi tulicheka wiki nzima, lakini mimi nilikuwa nimekushika kichwa pale sakafuni, na najua kilivyokuwa kizito.

Nikamwendea Maman, binti yako, nikamwomba akuseme. Akanitazama kana kwamba nimemwomba aisogeze milima ya Bukavu.

"Muzazi hasikilizaka mutoto," alisema. "Miye ni mutoto yake. Weye ni mujukuu, jaribu."

Nikajaribu. Unajua mimi na kusema, sauti yangu hufika mdomoni ikaomba ruhusa. Nilikusomea katika kitabu kwamba anayekunywa fedha kwa muda mrefu anaweza kugeuka ngozi, ikawa rangi ya majivu, isitoke tena. Nilidhani hilo litakugusa, maana ulikuwa mtu wa kujipaka mafuta mpaka kwenye visigino. Ukafikiri kidogo. Ukasema majivu inaendaka vizuri na kitenge ya buluu.

Nikakueleza tena kwamba vile vipande vya fedha ni vidogo ajabu, kwamba unywele mmoja mbele yake ni kama mgomba mbele ya sisimizi, na kwamba udogo huo ndio unaoviwezesha kuingia mahali ambapo kitu kikubwa hakiingii. Ukajitazama, ukatazama chupa, ukacheka mpaka maharage yakaruka kutoka kwenye ungo. Ukauliza kitu kidogo kiasi hicho kitawezana vipi na mwanamke wa kilo zako. Kisha ukasema lile neno lililoanzisha yote:

"Yako yote iko kwa vitabu. Onesha miye kitu, nione na macho."

Siku iliyofuata nilibaki darasani baada ya somo la biolojia. Mwalimu alidhani nimesahau begi. Nilipomweleza, akavuta kiti akakaa, jambo ambalo halijawahi kunitokea. Aliniambia vipande hivyo huitwa chembe za nano, na kwamba fedha ya namna hiyo huua vijidudu kweli, ndiyo maana watu huiweka hata kwenye bendeji. Lakini kinachoua kijidudu huenda kikaumiza na kingine. Namna rahisi ya kupima ni kitunguu. Unakikalisha juu ya maji, tako lake liguse maji, unasubiri mizizi itoke, unaipima kwa rula. Maji yakiwa na sumu, mizizi inakuwa mifupi. Akasisitiza niwe na makundi mawili, moja kwenye dawa na moja kwenye maji matupu, kwa sababu bila kundi la kulinganishia hutajua kama kitunguu kimedumaa kwa dawa au kwa uvivu wake chenyewe.

Akaniambia pia jambo moja ambalo nililiandika kwa herufi kubwa: kitunguu si mtu. Hata mizizi ikifa yote, haitakuambia kinachoendelea ndani ya bibi yako. Nilijua. Lakini wewe ulitaka kitu cha kuona na macho, na macho yako sikuwa na njia ya kuyapeleka ndani ya mwili wako.

Vitunguu kumi na viwili vilitoka sokoni Kamembe. Maman alivitazama vikipangwa dirishani kama anatazama mboga ya mwezi mzima ikipelekwa jeshini. Nilikata chupa za plastiki, nikachomeka kila kitunguu vijiti vya meno ubavuni ili kisizame, nikavipanga viwili viwili kwenye dirisha la sebule linalotazama ziwa. Sita vilikaa kwenye chupa zenye herufi M, ya maji. Sita kwenye F, ya fedha, kila M na F yake ubavuni. Herufi niliziandika kwenye chupa. Kwenye vitunguu vyenyewe sikuandika kitu, na hilo lingenigharimu. Maji ya fedha uliyatoa wewe mwenyewe, kijiko kwa kijiko, ukisema vitunguu vyangu vina bahati, vinapewa kitu ambacho wakubwa wanakililia.

Mimi nilikwenda shuleni. Wewe ulibaki nyumbani, kwenye kiti chako, na kiti chako kilikuwa chini ya dirisha lile. Kama ningekuwa na akili za dunia na si za vitabu tu, ningeona tatizo hapohapo.

Siku za mwanzo nilirudi nikakuta umeshavipa majina. Watoto uliozaa ni tisa, vitunguu kumi na viwili, kwa hiyo ukajazia na majirani. Kile kikubwa kilichopinda ubavu kilikuwa Faustin, mtoto wako wa tatu, maana hata mjomba mwenyewe anatembea hivyo. Kile chenye ganda linalobanduka kilikuwa Mado. Uliniuliza kila alasiri Mado ameamkaje. Mimi nilikuwa na rula na uso wa mtu anayefanya kazi nzito, nikakujibu kwamba Mado hana habari, yeye ni namba. Nilitazama mizizi tu, Koko. Sura ya kitunguu sikuitazama hata mara moja.

Halafu ikafika alasiri ya kipimo cha mwisho. Nilipima M, nikaandika. Nilipima F, nikaandika. Nikajumlisha, nikagawanya, nikadhani nimekosea, nikarudia. Ilikuwa sawa. Mizizi ya maji ya fedha na mizizi ya maji matupu ilikuwa sawa kama mapacha. Ulikuwa umesimama nyuma yangu.

"Sasa?"

Nikakuambia ni sawasawa, Koko. Ulichukua chupa yako ya buluu, ukajaza kijiko polepole, ukakinywa ukinitazama machoni, ukajifuta midomo kwa ncha ya kitenge. Sijawahi kuona kijiko kirefu kama kile.

Usiku ule sikula vizuri, na ukadhani nimeona haya kwa sababu nimeshindwa. Siyo. Nilikuwa nimeapa kukubali rula itakachosema, na rula ilikuwa imekupa wewe haki. Vidonge vilibaki kwenye kopo la biskuti, na sasa mimi mwenyewe ndiye niliyekifunga kifuniko.

Nilitaka kujitoa kwenye maonyesho ya sayansi ya shule, ambako mwalimu wa biolojia alikuwa ameandikisha jaribio langu. Mwalimu akakataa. Alisema jaribio lisiloonyesha tofauti nalo ni jaribio, lina heshima yake, nilete bango langu kama lilivyo. Aliliangalia jedwali haraka, akakuna kidevu, akasema namba hizi zina mwendo wa ajabu, lakini kengele ikalia akaenda.

Kibaya zaidi, Maman Chantal alisikia. Nani alimwambia, tusiulizane. Alikuja asubuhi amefurahi, akanishika mashavu yote mawili kama ananunua parachichi, akaniomba maonyesho yakiisha nimpe ile karatasi ya shule. Angeitundika juu ya bidhaa zake pale watu wanapopita kwenda mpakani. Imeandikwa na mtoto mwenye akili, alisema, nani atabisha? Nilitabasamu kwa adabu, nikaenda chooni nikakaa huko mpaka alipoondoka. Nilikuwa nimeanza kupima ili mtu mmoja aache kunywa, na sasa kipimo changu kingewafanya wengine waanze.

Siku ya maonyesho ulikuja na kitenge chako cha harusi za watu. Maman Chantal alikaa kulia kwako, na kikapu chenye chupa chini ya kitambaa, akiwa tayari kwa biashara. Maman alikaa benchi la nyuma yenu, akijifanya amekuja na familia nyingine. Kabla yangu alipita kijana aliyewasha taa kwa gesi ya kinyesi cha ng'ombe, watu wakapiga makofi mpaka vumbi likapanda. Kisha nikaitwa mimi. Nilipanga vitunguu na chupa zake mezani, nikasoma bango langu kwa sauti ambayo, nadhani, bango tu ndilo lililoisikia.

Mwamuzi alikuwa mama mmoja kutoka chuo, mtu wa kilimo, miwani imepandishwa kwenye paji la uso. Wenzake walikuwa wameshaanza kuandika alama. Yeye aliinama kwenye jedwali langu, akakaa hapo muda mrefu, kidole kikitembea mstari hadi mstari. Kisha akaniuliza polepole. Mizizi hii leo inasimama, kesho inaruka, keshokutwa inasimama tena. Katika chupa zote. Kitunguu hakina tabia hiyo, alisema, kitunguu si mbuzi. Nilikifanyia nini?

Nikasema sikukifanyia kitu. Akauliza nani mwingine alikuwa karibu navyo. Nikatazama benchi lenu. Watu wakaniangalia kwa jicho la kumhurumia mtoto wa mwenzao.

Ndipo benchi likakwaruza sakafu. Ulikuwa umesimama.

"Ni miye," ulisema.

Maman aliinamisha kichwa kama mtu anayetafuta kiatu. Nawe ukamweleza mwamuzi kwa utulivu, kama mtu anayempa mkwe mpya taratibu za nyumba. Ulisema mtoto huyu ni mzuri lakini hajazaa. Aliweka vitunguu sita kwenye dawa na sita kwenye maji matupu, akaenda zake shuleni, akaviacha hivyohivyo, walewale kwenye dawa, walewale kwenye maji, kila siku. Nawe ndiye uliyekaa navyo mchana kutwa. Ukasema kwako Kadutu, kule Bukavu, watoto wako walipokuwa wanalala watatu kitanda kimoja, hakuna aliyelala upande wa ukuta siku mbili mfululizo. Yai likiwa moja, leo ni la huyu, kesho la yule. Ndiyo maana watoto wako wanasalimiana mpaka leo. Kwa hiyo kila jioni, baada ya chakula, ulivihamisha. Cha F kilikwenda M, cha M kilikwenda F, jirani kwa jirani, vyote.

"Haikuwa haki," ulisema. "Bitunguu bingine bikunywe dawa, bingine bikunywe mayi tupu kila siku? Kila moja apate zamu yake."

Ukumbi ulilipuka. Mwalimu wangu alijifunika uso kwa orodha ya wanafunzi. Hata kijana wa kinyesi cha ng'ombe alicheka mpaka taa yake ikazimika. Mimi nilitamani ardhi ipasuke, na kwa jinsi sakafu ya ukumbi wetu ilivyo, haikuwa ombi kubwa. Wewe ulibaki umesimama, mikono imekunjwa, ukisubiri wamalize.

Mtu mmoja tu hakucheka. Mwamuzi alishusha miwani puani. Akakuuliza kama ulivihamisha kila jioni bila kuruka. Ukasema kila jioni. Akauliza hata Jumapili. Ukasema Jumapili zaidi. Akauliza kama huwa unasahau, nawe ukamuuliza yeye ana watoto wangapi.

Akanigeukia mimi, akanipa kalamu yake. "Basi soma upya," akasema.

Nikalitazama lile jedwali. Kwa mara ya kwanza sikutazama chupa, nilitafuta kitunguu. Nikakuuliza, pale mbele za watu, Faustin alianzia wapi. Ukajibu bila kufikiri kwamba kwa dawa. Nikaweka kidole, nikakirusha kutoka mstari wa F kwenda wa M na kurudi, kama ulivyomhamisha. Siku ya Faustin kwenye dawa, mizizi haikusogea. Jioni ukamhamisha. Kesho yake kwenye maji matupu, aliruka. Ukamrudisha, akasimama. Ukamtoa, akakua, ingawa safari hii kidogo kuliko mwanzo. Nikauliza Mado. Mado alianza kwa maji, ukasema, maskini, alingoja dawa siku nzima. Nikamfuata Mado. Alikimbia siku ile ya kungoja, na jioni ulipomhurumia ukampa dawa, akasimama. Nikawafuata wote, mmoja mmoja, wewe ukiniita majina na mimi nikichora mstari, na watu wa mbele wakaanza kusimama ili waone. Hakuna aliyekuwa anacheka. Mtu alisikika akiuliza yule wa majirani naye vipi.

Sijui sauti ile niliitoa wapi, Koko. Ilifika mpaka mlangoni.

"Koko, kila uliyempa dawa alisimama," nilisema. "Kila uliyemtoa, alikua."

Ulitoka kwenye benchi ukaja mpaka mezani, ukaziinamia zile chupa. Mwamuzi akasema taratibu, akikutazama wewe, kwamba vitunguu si watu, na jedwali hili haliwezi kusema dawa hii inafanya nini ndani ya mtu. Linasema tu kwamba si maji ya kuchezea. Kuhusu tension, akasema, vidonge vya kituo cha afya vimepimwa kwa watu, na hii ya chupa hajui imepimwa kwa nani.

"Miye siko kitunguu," ulisema.

Nilijua sauti hiyo. Ndiyo sauti uliyotumia kumkatalia mchungaji aliyetaka kuhamisha kiti chako kanisani.

"Lakini Faustin," ukaendelea, "Faustin nilimuonea." Ukafungua mkoba wako, ukatoa ile chupa ya buluu uliyotembea nayo kila mahali, ukaiweka juu ya meza yangu, katikati ya vitunguu. "Basi na miye munipe zamu ya kutoka."

Maman aliacha kutafuta kiatu. Maman Chantal alivuta kitambaa akakifunika kikapu vizuri zaidi. Wewe hukumsema. Hakuna aliyemsema, maana sote tulijua naye alikuwa anakunywa, tena vijiko viwili, na alikuwa amewapa mpaka watoto wake. Alikuuliza kwa sauti ya chini sasa yeye atafanya nini. Ukamwambia akae, mtakwenda kupimwa wote wawili.

Sikushinda. Zawadi ilikwenda kwa kinyesi cha ng'ombe, na kwa haki. Nilipewa cheti cha kushiriki, nawe ukakisoma pande zote mbili, ukagundua jina lako halipo. Uliomba kalamu ya mwamuzi, ukaliandika mwenyewe chini ya langu, kwa herufi kubwa kuliko za mkurugenzi wa shule. Cheti hicho kiko ukutani. Watu wakikisoma wanadhani tulikuwa timu.

Nilirudia jaribio baadaye, kama mwamuzi alivyoniagiza, kila kitunguu kimefungwa uzi wa rangi shingoni, na wewe umekatazwa kugusa. Uliniapia kwa Biblia, halafu ukakaa umeligeuzia dirisha mgongo ili usione mateso. Mizizi ya F ilitoka mifupi, ncha zimekuwa za kahawia. Ya M ilijaa chupa kama ndevu. Hukutaka kuangalia. Uliuliza tu kama kuna aliyefanana na Faustin, nikakudanganya kwamba hakuna.

Na vidonge ulivinywa. Muuguzi alikufokea kwanza, ukamsikiliza kwa upole ambao hatukuwahi kuuona, kumbe ulikuwa unamhesabia makosa ya mavazi. Alikukataza chumvi. Vidonge ulikubali. Chumvi hukukubali. Ulisema mtu hawezi kukubali kila kitu siku moja.

Ulinywa vidonge asubuhi moja baada ya nyingine, ukilalamika kila asubuhi, na mimi nilipenda malalamiko yale kuliko wimbo wowote wa redio. Ukaniona nikiingia kidato cha tano. Ukaniona nikichagua biolojia na kemia, ukauliza kama huko kuna vitunguu. Halafu asubuhi moja, mvua zikianza, hukulalamika, na Maman akaenda kuangalia.

Kwenye maziko mchungaji alisema umekula chumvi nyingi. Mimi na Maman tulitazamana. Tulijaribu, Koko, tulijaribu sana, Maman akiuma kanga na mimi nikitazama viatu, lakini Maman Chantal aliyekuwa kati yetu alianza kutikisika mabega, na hapo tukashindwa. Watu walidhani tunalia, wakaja kutushika. Baada ya muda tulikuwa tunalia kweli, na hatukujua tulivuka wapi.

Siku hizi ninakaa kwenye kiti chako kusomea. Kuna watu wanaoniuliza kama ni vile vitunguu vilivyokuongezea ile miaka. Wanataka niseme ndiyo, hata Maman anataka. Nami ningependa. Lakini nimeapa kwa rula, na rula inasema sijui. Ili nijue ningehitaji Koko wawili, wa umri mmoja, wa kilo moja, wa ukaidi mmoja. Mmoja ningemwacha na chupa yake ya buluu, mwingine ningempa vidonge, kisha ningekaa na kuhesabu. Na hata ningewapata hao wawili, ungekuja jioni baada ya chakula ukawabadilisha.

Nilikuwa na mmoja tu, Koko. Sikuthubutu kumwacha kwenye F.

Pumzika mahali ulipowekwa, na uwaache wenzako nao wakae walipowekwa.

Mimi mjukuu wako, ambaye sasa anasikika mpaka mlangoni,
Divine